Ombi la Chiriku

Chumba cha Kufulia,
Nyuma ya Nyumba ya Wageni.
Jumapili jioni, likizo ikiishia.

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hata hujafungua bahasha, kwa hiyo nimeitikia mapema. Pokea salamu nyingi katika jina la Bwana, na nyingine juu yake kutoka kwa kila mmoja hapa nyumbani. Hujambo? Mgongo wako je? Ulisema kumwinua yule bibi unayemtunza kunakuvunja kiuno. Tafadhali piga goti kwanza ndipo uinue, usiiname kama anayeokota sindano. Mimi ninayebeba mabeseni ya mashuka kila siku najua ninachokisema.

Na bibi mwenyewe anaendeleaje? Bado anakataa kulishwa na mtu mwingine yeyote ila wewe? Mpe pole yangu, ingawa moyoni huwa namkasirikia kidogo, Mungu anisamehe. Mgonjwa wa watu hana kosa.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Goti langu linanisumbua kukiwa na baridi, na shemeji yako analidhihaki kwamba linatabiri mvua kuliko redio. Mwenyewe hana la kusema, maana miwani yake huitafuta nyumba nzima huku ameivaa. Karakana yake ya baiskeli inakwenda, ila siku hizi watu wanakuja kuziba pancha moja na kupiga soga asubuhi nzima. Mama yetu anakula vizuri, na ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Juzi alimwambia mchungaji kwamba mahubiri yake yangerefuka kidogo tu angeomba aletewe godoro.

Kifurushi chako kimefika salama. Ahsante sana kwa sabuni na kwa kile kitambaa cha kichwani, nimekivaa leo kanisani na watu wameniuliza nimekitoa wapi. Gauni la mtoto ni zuri mno. Lakini nikuambie ukweli, lilimbana. Kwapani halikupita kabisa. Ulimnunulia yule mtoto uliyemwacha, na wa sasa kichwa chake kinanifika begani. Usihuzunike. Nilifumua mishono nikaongeza kitambaa ubavuni, na asiyejua hawezi kuona.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike. Jumapili iliyopita ulipopiga simu, mtoto alikuamkia, akasema hajambo, akanirudishia simu na kutoka nje kucheza. Yule Chiriku wetu, ambaye zamani ilinibidi nimnyang'anye simu ili na mimi nikusalimie. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, ana nini? Nikakujibu ana mafua. Hana mafua, mdogo wangu. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa bado mlangoni. Mambo haya hayasemeki kwenye simu. Nimeona niyaandike, uyasome ukiwa umekaa.

Ukasema pia kwamba pengine ni ile shule ya Biblia ya likizo inayomharibu, na kwamba likizo ijayo nimtoe, apelekwe twisheni ya hesabu. Nakuomba usiamue mpaka umalize barua hii. Unanijua, mimi si mlokole wa kupaza sauti. Kanisani nakaa viti vya nyuma ili nitoke mapema kuwahi pasi. Lakini kwa hili nina la kusema, hata kama sijui linakwenda kuishia wapi.

Sikumpeleka pale kwa utakatifu. Nilimpeleka kwa sababu shule zikifungwa mtoto hana pa kukaa. Huku kwangu kuna maji ya moto na pasi, kwa shemeji yako kuna minyororo na grisi, na barabarani kuna magari. Likizo ya mwaka jana alikaa chini ya meza yangu ya kukunjia, siku baada ya siku, akipanga vifungo vilivyokatika kutoka kwenye mashati ya wageni. Hakunisumbua. Ungekuwepo ungeona kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa inatisha. Tangu uondoke, Chiriku lilibaki jina tu, ukiacha kwenye simu yako, ndege mwenyewe alikuwa amenyamaza.

Basi mwaka huu nikasikia kanisa linafungua ukumbi asubuhi kwa watoto wote, wa ndani na wa nje. Mwalimu wao ni mama mmoja mnene, mstaafu wa shule ya msingi, watoto wanamwita Mwalimu Taratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Mtoto akikimbia, taratibu. Akipayuka wimbo, taratibu. Siku moja alijikwaa mwenyewe ngazini, watoto wote wakampigia kelele, "Taratibuuu!" Alicheka mpaka akakaa chini. Halipwi kitu. Anafagia ukumbi mwenyewe, anatandika mikeka, anawapa chai na mkate, na mpaka mchana hakuna anayelia isipokuwa aliyeanguka.

Mtoto alirudi siku ya kwanza akiwa kimya. Siku ya pili alirudi na wimbo. Mwisho wa wiki alirudi na rafiki, binti wa muuza nyama, ambaye anaongea kuliko yeye na ana mapengo mawili mbele. Walikaa kwenye kizingiti changu wakibishana kuhusu kondoo aliyepotea, kama alipotea kwa ujinga au kwa utundu. Nilisimama na pasi mkononi nikiwasikiliza. Sauti ile sikuwa nimeisikia muda mrefu.

Na kusoma je? Unakumbuka mwalimu wake wa darasani alivyoandika kwamba anajikongoja. Mwalimu Taratibu hakumwambia kitu, alimpa tu kazi ya kuwasomea hadithi wale wadogo wa mkeka wa mbele. Wadogo hawamcheki msomaji akikwama, wanangoja. Sasa anasoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye boksi la sabuni, na jana alimsomea Mama yetu gazeti lote pamoja na matangazo ya vifo. Tena ameanza kuomba msamaha bila kusukumwa. Alimkemea hata shemeji yako kwa alivyoitukana nati iliyogoma kufunguka. Siku hizi shemeji yako akitaka kutukana nati anatoka nje kwanza.

Kwa hiyo ukisema ile shule imemharibu, nashindwa kukubali. Hayo yote yalitoka pale. Na lile lililotuumiza nalo lilitoka palepale, ndiyo maana nimeshika tama tangu shule ile ilipofungwa.

Mwanzoni Mwalimu Taratibu alikuja kwangu kuazima vibanio vya nguo. Nikampa vile vya mbao, nikidhani anataka kuanika michoro. Kumbe ana utaratibu wake. Alifunga kamba ukutani pale ukumbini, kila mtoto akapewa kibanio kimoja, akakifunga uzi wa rangi aipendayo na kukibana kwenye kamba. Kibanio kile ndicho ombi lake. Aliwasimulia habari za yule mjane aliyemwendea hakimu kila siku mpaka hakimu akachoka, akawaambia nao wachague ombi moja tu, wasirukeruke, na kila asubuhi kila mmoja asimame mbele ya kibanio chake alitamke kwa sauti. Likijibiwa, anakibandua mbele ya wenzake na kusimulia jinsi lilivyojibiwa.

Mimi nasema ni jambo zuri, mpaka leo nasema hivyo. Watoto walijifunza kutaka kitu kimoja na kukingoja, jambo ambalo wakubwa wengi limetushinda. Binti wa muuza nyama aliomba jino lake ling'oke bila kuuma, likang'oka akitafuna mkate. Mwingine aliomba paka wao arudi, akarudi na watoto wanne, na mama mwenye nyumba sasa anaomba waondoke. Kila kibanio kilipotoka ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mtoto wetu alikuwa anatazama kamba ile ikipungua vibanio.

Umeshajua aliomba nini. Aliomba mama yake aje. Wala hakusema aje siku moja, alisema aje siku ya kufunga, watoto watakapowaimbia wazazi. Alifunga kibanio chake uzi wa njano.

Sikuambiwa na yeye. Aliyeropoka ni binti wa muuza nyama alipokuja kumpitia asubuhi, akaniuliza kama nimeshaandaa chumba cha mgeni. Niliisahau pasi juu ya foronya mpaka ikatoa moshi. Foronya ya nyumba ya wageni, mdogo wangu, na msimamizi wangu unamjua kwa sifa zake.

Nilimwendea Mwalimu Taratibu nikiwa nimewaka. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali njia nzima. Alinisikiliza, kisha akasema, "Dada yangu, mimi niliwaza wataomba viatu na mipira. Sasa nimwambie mtoto aache kumwomba Mungu? Nitamwambia kwa mdomo gani?" Ule ukali wangu wote ukaniishia pale. Nikamuuliza tufanye nini, akasema hajui, tukakaa wote wawili kwenye mkeka wa watoto kama tuliofiwa.

Nikaenda kwa mchungaji. Akasema tutaliombea. Nikamshukuru, ila njiani nikafikiri kwamba sasa ombi lina watu wengi wa kuliomba na bado hakuna nauli ya ndege. Shemeji yako naye akasema mtoto aambiwe ukweli, kwani yeye ni yai? Nikamwambia vizuri, mwambie wewe. Alimchukua mpaka karakana mchana mzima. Walirudi mtoto akiwa na kengele mpya ya baiskeli, na shemeji yako hajamwambia neno.

Nilijaribu mimi. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili. Nikamweleza kwamba mama yuko mbali, kwamba bibi yule mgonjwa hana mtu mwingine, kwamba mkataba haujaisha na nauli si ya kuokota. Alisikiliza vizuri kabisa. Akasema, "Najua, Mama Mkubwa. Ndiyo maana naomba." Akanisogelea na pembe zake, tukalikunja shuka, tukachukua lingine.

Wiki hiyohiyo ukapiga simu, akakuuliza unakuja lini, nawe ukamwambia, karibuni mwanangu, karibuni kabisa. Sikulaumu. Ningekuwa mimi kule na yeye huku, ningesema hivyohivyo, maana mtu atasema nini? Lakini alipoweka simu alizunguka ua mzima akiwatangazia watu. Akawa Chiriku kwelikweli. Alisema utakaa wapi, utavaa nini, utacheka sehemu gani ya igizo. Alinifanya nifagie hata nyuma ya mapipa. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile, na kila alipocheka mimi roho ilikuwa mkononi.

Siku ya kufunga ikafika. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa watu wa semina, mashuka yamerundikana hadi dirishani, na msimamizi alikuwa amenikatalia ruhusa mapema. Nilikuwa nimemweleza mtoto kwamba mimi sitaweza kuja. Hakununa. Alinipigapiga mkono kama mtu mzima, akasema nisijali, mama atakuwepo. Akavaa lile gauni ulilomtumia. Shemeji yako alimsindikiza mpaka mlango wa ukumbi, halafu akasema kuna baiskeli ya mtu inamngoja. Hakukuwa na baiskeli yoyote. Alikimbia, na mimi sikuwa na nguvu za kumsema kwa sababu nami nilikuwa nimejificha nyuma ya mashuka.

Nilijikaza kisabuni, nikapiga pasi. Ikanishinda. Nilikuwa naona akilini mlango wa ule ukumbi na mtoto anautazama. Nikaacha mashuka kwenye maji, nikamwomba mwenzangu wa kazini anifichie siri, nikatoka vilevile na aproni na kandambili, mikono ina povu mpaka viwikoni. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu akilia asilie peke yake.

Nilipofungua mlango walikuwa wanaimba. Yeye alikuwa mstari wa mbele, na macho yake yalikuwa mlangoni, siyo kwa mwalimu. Aliniona. Akaacha kuimba. Nikasema moyoni, basi, sasa ameelewa, na mimi ndiye niliyemletea habari. Alinitazama muda mrefu, wenzake wakiendelea na wimbo. Kisha akatabasamu, akaingia tena kwenye wimbo kwa sauti kubwa kuliko wote mpaka Mwalimu Taratibu akampungia mkono apunguze.

Baadaye ukafika wakati wa vibanio. Kwenye kamba vilibaki vichache. Niliona Mwalimu Taratibu anataka kupita haraka hapo, akasema vilivyobaki vitangoja likizo nyingine, Mungu hachelewi. Mtoto akasimama bila kuitwa. Alikwenda kwenye kamba, akabandua kile chenye uzi wa njano, akageuka.

"Nilimwomba Mungu mama aje leo," akasema. "Amekuja. Yule pale mlangoni, mwenye aproni."

Ukumbi mzima uligeuka. Wazazi wengi pale hawajui mambo yetu, wakapiga makofi. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa anajifuta machozi, akanisukuma kidogo mgongoni, "Nenda, mama, nenda, mtoto anakungoja." Nikamtazama Mwalimu Taratibu. Naye akanitazama. Hakusema hata lile neno lake.

Niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje? Niseme mbele za watu kwamba mtoto amekosea, kwamba mimi si mama yake, kwamba Mungu hakumjibu? Nilikwenda. Akanishika mkono huu wenye povu, akanitamkia mstari wake wa Biblia aliokariri, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama.

Nyumbani nilimuuliza taratibu kwa nini alisema vile. Hakusema uongo, usije ukafikiri hivyo. Alinieleza kama mwalimu anayemweleza mwanafunzi mzito. Aliomba mama aje. Mimi nilikuwa nimesema siwezi kuja. Halafu nikaja. Basi. Nikamwambia mama yako yuko mbali, anakupenda, anakuja. Akasema sawa, akaniuliza kama chakula kimeiva.

Kesho yake nikamwambia aendelee kuomba uje. Alinishangaa. Mwalimu aliwafundisha kwamba ukishapewa kitu huendelei kukiomba, unashukuru tu, vinginevyo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kula anashukuru. Anashukuru kwa sauti, mbele ya shemeji yako na mbele ya Mama yetu, na sisi wote tunaitikia amina kwa sababu hatujui kingine cha kuitikia. Ameacha kuniita Mama Mkubwa. Lile "mkubwa" lilianguka siku ile ukumbini na halijaokotwa. Nikimrekebisha anacheka, anadhani natania.

Nimerudi kwa Mwalimu Taratibu. Alilia, mama wa watu. Akasema likizo ijayo ataondoa kamba kabisa, watoto waombe upole na uvumilivu tu. Nikamwambia asiiondoe. Sijui kama nilifanya vizuri. Niliwafikiria wale wengine wote, na paka wao na meno yao, na jinsi walivyokuwa wanatoka pale mchana wakishikana mikono.

Kwa hiyo nakuomba, usimtoe. Twisheni ya hesabu ipo jioni, nitampeleka, hata mimi nitakaa naye. Lakini kule ndiko alikopata sauti, na marafiki, na kusoma, na mahali pa kusema anachokitaka kuliko vyote bila mtu kumwambia nyamaza. Tukimtoa tutamnyang'anya hayo, na hilo lingine tulitakalo, akungoje wewe kama zamani, halitarudi kwa kumtoa. Ningekijua kitu kitakacholirudisha ningeshakifanya.

Limebaki moja, na nimelizunguka barua nzima. Unajua tulivyohangaika mimi na shemeji yako kutafuta mtoto, mpaka tukaacha hata kulizungumza. Siku ile nilipokuwa natembea kwenda mbele, watu wakipiga makofi, nilifurahi. Nilifurahi, mdogo wangu, mpaka nikaona aibu, na hata aibu haikuiondoa ile furaha. Ndicho kinachonikosesha raha hadi leo. Mtoto ameacha kuomba uje, kwa hiyo naomba mimi badala yake kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi. Naomba kweli. Lakini kuna asubuhi naomba kwa nusu mdomo, na nimeona ni haki ujue anayekuombea ni mtu wa namna gani.

Nikushauri nini? Sina. Najua huwezi kumwacha bibi wa watu kitandani, najua mkataba, najua yote. Piga simu kama kawaida. Ongea naye hata akijibu neno moja, mwambie vitu vidogo, ulichokula, unachokiona dirishani. Usilie akisikia, maana ukilia atakimbia. Ukiweza kuja, hata kwa muda mfupi, njoo. Usipoweza, mimi nitaendelea kumwambia habari zako kila tunapokunja mashuka, na yeye ataendelea kunisikiliza kwa adabu.

Mama yetu anakusalimu na anasema uvae soksi. Shemeji yako anakusalimu sana, alitaka kuongeza mstari wake hapa akashika kalamu, akaiweka chini, akaenda kufunga karakana. Mwalimu Taratibu anakuombea na anakuomba radhi. Muuza nyama na bintiye wanakusalimu. Mungu akutunze huko uliko, akulinde mgongo na moyo, aulainishe usingizi wa huyo bibi ili nawe ulale, na siku moja akufungulie njia ya kurudi.

Mtoto naye nimemwita asimame hapa mezani aseme salamu zake, niziandike. Alifikiri kidogo. Akasema, "Msalimie mama mdogo." Hakuna aliyemfundisha. Amelifikia mwenyewe, maana dada mdogo wa mama ni nani? Nimeliandika kama alivyolisema.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye vilevile kama zamani.